Kuhifadhi Mbao kwa Rangi na Vanishi

Tazama dawati lako. Limetengenezwa kwa mbao, na mbao hutokana na miti. Mti ulipokuwa hai, maji yalipita ndani yake katika mirija midogo sana. Mti ukisha kukatwa na kupasuliwa mbao, mirija hiyo hubaki. Kwa hiyo hata ubao mkavu huweza kufyonza maji na unyevu wa hewa. Ubao ukifyonza maji huvimba, ukikauka husinyaa. Hali hiyo ikirudiwa mara nyingi, ubao hupinda na kupasuka. Ukikaa na unyevu kwa muda mrefu, huota kuvu na kuoza.

JARIBIO

Chukua vipande viwili vya ubao mmoja. Paka vanishi juu ya kipande kimoja, kiache kikauke, kisha kipake tena. Kipande cha pili usikipake kitu. Vanishi ikisha kukauka kabisa, dondosha tone la maji juu ya kila kipande. Subiri dakika kumi. Unaona nini? Juu ya kipande kisichopakwa, maji yamepenya na kuacha doa. Juu ya kipande chenye vanishi, tone limebaki juu, nawe waweza kulifuta.

RANGI NA VANISHI

Rangi ya mbao si kama rangi ya ukutani. Rangi ya ukutani hufunika. Rangi ya mbao hupenya ndani, na nyuzi za ubao huendelea kuonekana. Rangi hii hubadili sura ya ubao tu, haizuii maji vya kutosha. Vanishi hufanya ngozi nyembamba, ngumu na angavu juu ya ubao. Ngozi hiyo ndiyo izuiayo maji. Ndiyo sababu rangi hupakwa kwanza, na vanishi baadaye.

Mninga una rangi nzuri ya hudhurungi, hivyo vanishi peke yake hutosha. Msonobari, ambao mafundi huuita paini, ni mweupe, na wengi hupenda kuutia rangi. Lakini msonobari haufyonzi rangi sawasawa, nao huweza kuwa na mabaka. Kwa hiyo jaribu kwanza rangi na vanishi juu ya kipande kilichobaki cha ubao ule ule.

HATUA ZA KAZI

1. Piga msasa kwa kufuata nyuzi za ubao. Anza na msasa mkali, malizia na msasa laini. Ukipiga kwa kukata nyuzi, mikwaruzo itaonekana zaidi ukisha kupaka rangi.
2. Futa vumbi lote.
3. Paka rangi kwa kitambaa au brashi. Baada ya dakika chache, futa iliyozidi.
4. Acha rangi ikauke kabisa, kama yasemavyo maelezo ya kopo.
5. Paka vanishi tabaka jembamba. Likikauka, sugua polepole kwa msasa laini, futa vumbi, kisha paka tena. Tabaka nene hukauka juu, chini likabaki bichi.

HADHARI

Fanya kazi hii pamoja na mtu mzima, mahali penye hewa ya kutosha, mbali na moto. Rangi na vanishi nyingine huwa na mafuta ya kitani. Mafuta haya hayakauki kama maji. Huungana na oksijeni ya hewa, na muungano huo hutoa joto. Vitambaa vilivyolowa mafuta haya vikirundikwa pamoja, joto hukosa njia ya kutoka. Huongezeka mpaka vitambaa huweza kuwaka vyenyewe bila kiberiti, na kuteketeza nyumba. Usivirundike kamwe. Vitandaze nje kimoja kimoja, mbali na vitu viwakavyo, mpaka vikauke.

MASWALI

1. Kwa nini ubao mkavu huweza kuvimba?
2. Rangi na vanishi hutofautianaje kwa kazi?
3. Kwa nini matabaka mawili membamba ni bora kuliko moja nene?
4. Eleza jinsi vitambaa vyenye mafuta ya kitani viwezavyo kuwaka vyenyewe.