George Lilanga

George Lilanga (1934 – 27 Juni 2005) alikuwa mchoraji na mchongaji kutoka nchini Tanzania. Anajulikana hasa kwa picha za mashetani wanaocheka, kucheza ngoma na kufanya kazi za kila siku kama watu.

Maisha

Alizaliwa katika kijiji cha Kikwetu, mkoa wa Lindi, katika pwani ileile ya kusini yenye Kilwa na Kiswere. Wazazi wake walikuwa Wamakonde, na kama vijana wengi wa kabila hilo alijifunza kuchonga mpingo.

Miaka ya 1970 alihamia Dar es Salaam. Mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, alimsaidia kupata kazi Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa kwa juhudi za Sista Jean Pruitt. Hakuajiriwa kama msanii bali kama mlinzi. Hapo aliwaona wenzake wakichora, wakitia batiki na kupiga chapa, naye akaanza kujaribu. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, Marekani, na tangu hapo wanunuzi wa nje wakamfahamu.

Sanaa yake

Mara nyingi Lilanga huwekwa katika kundi moja na Edward Saidi Tingatinga (1932–1972), kwa kuwa wote walitumia rangi za baiskeli zinazong'aa. Kuwaweka pamoja hivyo kunapotosha. Tingatinga alianza na picha za wanyama na ndege. Lilanga alitoka kwenye uchongaji. Masikio makubwa, matumbo yaliyochomoza, midomo minene na miguu yenye vidole viwili au vitatu vilikuwepo tayari katika vinyago vya mashetani vya Wamakonde. Yeye alivitoa kwenye mti mweusi na kuvijaza rangi nyekundu, manjano na buluu, juu ya hadbodi, turubai na hata ngozi ya mbuzi. Katika picha hizo hakuna nafasi inayobaki tupu.

Mashetani wake si wa kutisha. Wanabeba maji, wanagombana, wanakwenda hospitali, wanalewa. Majina ya picha mara nyingi ni sentensi nzima za Kiswahili, na asiyejua lugha hii hukosa nusu ya mzaha.

Ugonjwa na wasaidizi

Kisukari kilimdhoofisha hata akakatwa miguu. Aliendelea kufanya kazi akiwa na wasaidizi, baadhi yao ndugu zake. Kwa karakana ya Wamakonde, ambako vijana humsaidia fundi, jambo hilo ni la kawaida. Kwa soko la Ulaya lilizua swali gumu: picha yenye saini ya Lilanga imechorwa na mkono wa nani? Baada ya kifo chake swali hilo liligusa bei, kwani mwenyewe hakuwepo tena kulijibu.

Alifariki Dar es Salaam, wakati maonyesho ya Africa Remix, yaliyoanzia Düsseldorf mwaka 2004 na kujumuisha kazi zake, yakiwa bado yanazunguka duniani.