Una mshono wa operesheni? Uchungu usikukute nyumbani!

Msomaji wangu, wiki hii nisamehe, mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele tuyaweke pembeni kidogo. Kuna jambo limenikaa kooni siku nyingi. Na nyie akina baba msikimbilie ukurasa wa michezo, hili ni lenu pia, mimba haziletwi na posta.

Nina dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, jina naliweka kapuni. Anakaa Mbagala na mumewe. Mtoto wa kwanza alimpata kwa operesheni, maana alikuwa mkubwa na njia ilimkatalia. Yule mtoto hajafikisha hata mwaka, bibie akanasa tena. Basi ukweni maneno yakaanza. Eti mwanamke gani asiyejua kusukuma, eti anapenda vya mteremko! Dada akaapa moyoni kwamba safari hii atazaa mwenyewe, watu wafunge midomo.

Uchungu ulimwanza saa tano usiku. Mimi nilikuwepo, nilikwenda kumlelea mkubwa. Nikadhani tunaita bajaji, kumbe wapi! Akaambiwa tulia kwanza, safari ile uliwahi sana hospitali ndiyo maana wakakupasua. Akaletewa na kikombe cha miti shamba, dawa ya kuharakisha uchungu. Nilikiona kwa macho yangu nikanyamaza. Mbele ya wakubwa, mtoto wa kike niliyeishia kidato cha nne ningesema nini?

Saa kumi alfajiri alipiga ukelele ambao mpaka leo nausikia. Halafu uchungu ukakatika. Kimyaa. Mama mmoja akamshukuru Mungu, eti sasa anapumzika. Mara jasho la baridi, midomo imepauka, damu inatoka chini, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, na analalamika bega linamuuma. Bega, jamani! Hapo ndipo shemeji alipombeba mgongoni mpaka barabarani.

Hospitali siitaji. Daktari alimgusa tumbo mara moja tu, akaagiza chumba cha upasuaji kiandaliwe sasa hivi. Mji wa mimba ulikuwa umepasuka. Dripu mikono yote miwili, damu ikachukuliwa kupimwa kundi, sisi huku tukaambiwa tutafute ndugu wa kuchangia. Shemeji alitoa, na mimi nikatoa. Walipomfungua walikuta mtoto ameshatoka kwenye mji wa mimba, yuko tumboni hivi hivi, na roho haipo. Alikuwa wa kiume.

Dada alipona. Mpasuko ulifuata ule mshono wa zamani, damu ikazuilika, wakamshona. Ungekuwa umechanika vibaya wangeutoa kabisa ili wamwokoe, na hapo ndiyo basi tena mambo ya kuzaa.

Baadaye nilimfuata mkunga mmoja mtu mzima, nikamkalisha chini anieleze, maana nilikuwa siwezi kulala. Akaniambia kovu si sawa na nyama nzima. Uchungu unavyobana na kuachia, pale penye kovu ndipo panapoweza kuachia. Ukiongeza dawa ya kuukazia uchungu, iwe miti shamba au vile vidonge vya kuanzishia uchungu, unazidi kulivuta kovu. Hospitali nako, dripu ya uchungu kwa mwenye mshono ni ya kupimwa kwa uangalifu mkubwa. Na lile bega? Damu iliyovuja tumboni inachokoza kule juu chini ya mbavu, maumivu unayasikia begani.

Lakini jamani msinielewe vibaya, sijasema kila mwenye mshono apasuliwe tena. Mwaka 1916 daktari mmoja wa New York, Edwin Cragin, aliandika kwamba ukishapasuliwa mara moja basi ni daima. Enzi hizo mji wa mimba ulikatwa wima, kutoka juu kwenda chini. Siku hizi wengi hukatwa mlalo, sehemu ya chini, na wenye mshono mmoja wa namna hiyo wanaojaribu njia ya kawaida, anayepasuka ni kama mmoja katika 200. Ni wachache. Ila huyo mmoja anahitaji daktari na chumba cha upasuaji mlango wa pili, siyo kuvuka daladala mbili. Mwenye mkato wa wima ndiyo kabisa, yeye hasubirishwi uchungu.

Hapa akina dada wengi tunadanganyika. Mshono wa nje kwenye ngozi haukwambii wa ndani umekatwaje! Nje unaweza kuona kamstari kazuri ka mlalo, ndani ni wima. Kinachojua ni karatasi ya hospitali ulikopasuliwa. Iombe, iweke pamoja na kadi ya kliniki, usiifungie vitumbua.

Hata asiye na mshono wa uzazi naye yumo, kama aliwahi kutolewa uvimbe kwenye kizazi, kama ameshazaa watoto wengi, au kama mtoto amekwama na uchungu umeachwa uendelee siku nzima.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Mara nyingi dalili ya kwanza haiko kwa mama, ni mapigo ya moyo ya mtoto kubadilika. Mtu wa kuyasikiliza yuko leba. Pale nyumbani sisi tulikuwa tunasikiliza feni.

Halafu kuna suala la kupumzika. Shirika la Afya Duniani linashauri ukishazaa ukae angalau miezi 24 ndipo ushike mimba nyingine, na kwa mwenye mshono kuzaa harakaharaka kunaongeza hatari ya kupasuka. Nilipomwambia shemeji, aliangalia chini. Sikuendelea.

Sasa imepita miaka minne na dada ni mjamzito tena. Daktari ameshamwandikia kwenye kadi kwa wino mwekundu: asisubiri uchungu. Operesheni imepangwa wiki ya 37, na wiki tatu kabla atahamia kwa shangazi yetu, hatua chache kutoka hospitali. Mama mkwe ndiye aliyenunua beseni na khanga, na kila Jumapili anapiga simu kuulizia tarehe isije ikasogezwa. Ya kikombe hakuna anayeyaongea.

Mimi nimeshaombwa nikamlelee mkubwa. Kwa hiyo mkiona safu hii imekosekana wiki mbili, msinipigie mhariri simu, niko Mbagala nafua.