Ilimba za Rangi: Macho Yasitangulie Sikio

BAHI, kwenye Reli ya Kati magharibi ya Dodoma. Mfanyabiashara anayenunua ilimba, marimba ya mkono ya Wagogo, huwa na uamuzi mmoja kabla ya kutoa fedha: achukue za mbao tupu au zilizopakwa rangi?

Rangi huvuta macho ya mtalii, lakini huficha mengi. Mbao iliyochongwa ikiwa mbichi husinyaa ikikauka, na kiangazi cha Dodoma ni kirefu. Kwenye mbao tupu, ufa na tundu la mdudu huonekana; chini ya rangi hubaki siri mpaka mali ifike dukani. Tena rangi nzito hupunguza mtetemo wa kisanduku, sauti ikafifia.

Mpigaji hununua kwa sikio. Ni sauti hiyo ambayo Hukwe Zawose, mzaliwa wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, aliifikisha kwenye majukwaa ya Ulaya.

Kwa mwenye mtaji mdogo, sehemu kubwa ya shehena iwe ya mbao tupu, na chache za rangi kwa ajili ya watalii. Hizo za rangi zipigwe, zigongwe na kuchunguzwa ndani ya tundu la sauti, ambako brashi haikufika, kabla ya malipo.