Huduma ya simu ipimwe na mkulima kabla ya kuingia sokoni

MKULIMA anayelipia pembejeo kwa simu hana nafasi ya kubahatisha. Akikosea tarakimu moja ya namba ya muuzaji, fedha huenda kwa mtu mwingine, mbolea inachelewa na mvua haimsubiri. Kwa hiyo urahisi wa kutumia huduma ya simu si urembo. Ni sehemu ya gharama za uzalishaji, kama ilivyo bei ya mbegu.

Mfano ulio karibu ni M-Pesa, ambayo haikuanza kama inavyojulikana sasa. Oktoba 2005 Safaricom na Vodafone ya Uingereza zilianza majaribio Thika na Nairobi, zikiwa na wateja wapatao 500 na mawakala wanane. Lengo lilikuwa kuwawezesha wakopaji wa Faulu Kenya kurejesha mikopo midogo kwa simu.

Wateja wakafanya mengine. Walitumiana fedha. Wapo waliolipia mikopo ya wenzao, na wapo walioweka fedha kwa wakala kabla ya safari ili wazitoe wakifika salama. Marejesho ya mikopo, yaliyokuwa kiini cha mradi, ndiyo yaliyosumbua, kwa kuwa hesabu za Faulu hazikuoana vizuri na mfumo huo, na wakopaji waliolipa kwa simu hawakuona tena sababu ya kwenda kwenye mikutano ya vikundi.

Kampuni nyingine ingeitisha semina ya kuwaelimisha wateja. Hizi zilikubali walichoonyesha wateja, zikaiweka kando mikopo, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa Kenya kwa ujumbe mmoja mwepesi: tuma fedha nyumbani.

Hata hivyo, kasoro ya kutuma kwa namba isiyo sahihi iliendelea kuwatesa watumiaji. Ni mwaka 2015 tu ndipo Safaricom ilipoleta Hakikisha, inayomwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla fedha hazijaondoka. Miaka minane ni mingi mno kwa jambo linalohitaji mstari mmoja wa maandishi.

Kupima mapema hakuhitaji bajeti kubwa. Mtaalamu Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji watano hutosha kufichua takriban asilimia 85 ya kasoro za matumizi. Kwa huduma za kilimo hesabu hiyo ichukuliwe kwa tahadhari. Mkulima kijana mwenye simu ya kisasa na bibi mwenye kitochi ni makundi mawili, na kila kundi linahitaji watano wake.

Upimaji ufanyike shambani au sokoni, juani, kwa simu ya mkulima mwenyewe. Apewe kazi halisi, kwa mfano kutafuta bei ya mahindi ya soko la Kibaigwa, kisha mpimaji anyamaze. Hapo ndipo wengi hushindwa, maana mkono humwasha akamsaidie mzee kubonyeza. Asiulize tu kama huduma ni nzuri, kwa sababu mgeni huambiwa ni nzuri sana, kisha hukaribishwa chai. Atazame vidole: wangapi wamemaliza bila msaada, wamechukua dakika ngapi, na wamekwama wapi.

Kwenye huduma za USSD, zile za kubonyeza nyota na reli, mara nyingi watu hukwama kwenye orodha ndefu. Ujumbe mmoja hubeba herufi zisizozidi 182, na mtandao hausubiri sana. Anayesoma polepole hukatiwa kabla hajachagua. Dawa ni kuweka juu kile kinachotafutwa zaidi, kupunguza hatua, na kutumia maneno ya sokoni badala ya yale ya ofisini.

Baada ya marekebisho upimaji urudiwe, ila kwa wakulima wengine. Wale wa kwanza wamekwisha kuijua njia, na hawatapotea pale atakapopotea mgeni.