Pete ya Chuma cha Angani

Tuseme kijana wa kijiji kimoja cha Njombe ameuza viazi vyake, naye ashuka Makambako kutafuta pete za arusi. Kituoni mtu amwita pembeni, amwonyesha kijiwe cheusi, kizito.

"Hiki ni kimondo, kilianguka toka angani," asema. "Mpelekee sonara akufanyie pete. Kijijini kwenu hakuna atakayekuwa na pete kama hiyo."

Kisha atoa sumaku, nayo yanasa pale pale. Kijana atia mkono mfukoni.

Ngoja kwanza, ndugu! Ni kweli kwamba pete za kimondo zipo duniani. Tena kimondo kikubwa hakiko mbali nasi. Ukishika barabara kuu toka Makambako, ukapita Mbeya kuelekea Tunduma, kabla ya kufika Vwawa utaiacha barabara hiyo na kwenda kwenye kilima cha Marengi, huko Mbozi. Hapo limelala pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16. Wenyeji walilijua tangu zamani. Wataalamu wa nje walipata habari zake mwaka 1930. Katika sehemu 100 za kimondo hicho, kama 90 ni chuma, na zaidi ya 8 ni nikeli.

Lakini kimondo cha Mbozi ni mali ya taifa, nacho chalindwa kama kumbukumbu ya mambo ya kale. Basi anayekuambia kwamba anauza kipande chake, ama ni mwongo, ama ni mwizi. Pete nyingi za namna hii zimetokana na vimondo vingine, kama kile cha Gibeon huko Namibia, au cha Muonionalusta huko Sweden.

Na ile sumaku je? Sumaku peke yake si shahidi wa kutosha, maana hata msumari hunaswa nayo. Isitoshe, huko Liganga, wilaya ya Ludewa, mkoani mwetu humu humu, kuna mawe meusi, mazito, yenye chuma kingi, nayo huvutwa na sumaku. Mtu mwerevu aweza kuokota jiwe la namna hiyo na kuliita kimondo.

Alama ya kimondo cha chuma ni nyingine. Kikikatwa, kikasuguliwa na kupakwa tindikali, katika vimondo vingi hutokea mistari inayopishana kama ukili wa mkeka. Mistari hiyo ilifanyika angani, chuma kilipokuwa kikipoa polepole mno, kwa mamilioni ya miaka. Hakuna mhunzi awezaye kuifanya. Tena kimondo kikiyeyushwa motoni, mistari yote hupotea. Ndiyo sababu pete ya kimondo hukatwa, haimiminwi kama dhahabu. Lakini angalia: siku hizi kuna mashine ziwezazo kuchora mistari ya kuiga. Kwa hiyo nunua kwa sonara anayejulikana, akuandikie jina la kimondo kilichotumika. Chagua pete yenye dhahabu au madini mengine yasiyoshika kutu upande wa ndani, kwa maana jasho huharibu chuma, na nikeli huwawasha watu wengine ngozi.

Ukiisha kuipata, ujue kwamba hicho ni chuma, na chuma huota kutu. Ukungu wa Njombe twaujua, wala jembe halisalimiki nao! Mama, ivue pete kabla ya kufua, kuosha vyombo au kukanda unga. Baba, ivue kabla ya kwenda shamba. Ikilowa, ikaushe mara moja kwa kitambaa laini, kisha ipake tone la mafuta ya cherehani na kuifuta. Usiiache mahali penye chumvi. Kutu ikianza, isugue taratibu kwa mswaki laini, ikaushe, uipake mafuta. Usiisugue kwa mchanga au majivu kama sufuria, mistari itafutika. Kutu ikizidi, mpelekee sonara aisafishe na kuipaka tindikali upya.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Kanisa halimdai pete ya chuma cha angani. Padre huibariki pete ya fedha, na hata ile ya bei ndogo, na ndoa ni ile ile. Basi atoe mkono mfukoni, anunue pete mbili za kawaida zinazoenea vidoleni vizuri, na fedha itakayobaki aiweke. Baada ya arusi yeye na mkewe wapande basi, wakakione kimondo cha Mbozi kwa macho yao. Kukitazama kutawapa furaha, na hakuna atakayewadanganya.