Kuhamisha Daftari la Majina
Mkaazi wa Kolwezi aandikapo anwani ya intaneti yenye kikomo cha .cd, seva maalumu huigeuza kuwa nambari za kompyuta inayotafutwa. Zaire ilipobadili jina mwaka 1997, kikomo cha .zr kilianza kukipisha hicho cha .cd, na hadi 2001 ndipo kilipofutwa, hivyo wenye anwani wakapata wasaa wa kuhama. Subira hiyohiyo yamlazimu fundi ahamishaye huduma ya majina: apunguze kwanza muda ambao kompyuta nyingine huhifadhi majibu ya kale, anakili rekodi zote, aziendeshe seva mbili sambamba, kisha aelekeze maulizo kwenye mpya. Enyi mafundi wa Lualaba, msiizime ya zamani kabla ya kuihakiki mpya.