Kibondo hadi Dar na mtoto mgonjwa: Saa mbili angani, siku nzima safarini

Mzazi wa Kumsenga, wilayani Kibondo, aliyepewa rufaa ya kumpeleka mtoto kliniki ya moyo Dar es Salaam, hujiuliza swali moja kwanza: basi au ndege?

Kwa mstari ulionyooka, kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,080. Ndege ya pangaboi hutumia karibu saa mbili angani. Saa hizo mbili ndizo huwadanganya wengi.

Uwanja wa ndege uko Kigoma, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kibondo mjini. Ukijumlisha saa nne au tano za barabarani, saa mbili za kuwahi uwanjani, muda wa angani na foleni za Dar, siku imekwisha. Basi kupitia Nyakanazi, Kahama na Dodoma hupita zaidi ya kilomita 1,100, mchana na usiku. Kwa vyovyote vile, panga kufika angalau siku moja kabla ya kliniki. Ndege si nyingi na ratiba hubadilika, hivyo ithibitishe kabla ya kuondoka nyumbani.

Nani aulize daktari kwanza?

Ndege inapokuwa juu, hewa ya ndani huwa kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, yaani oksijeni hupungua kidogo. Mtoto mwenye afya hahisi tofauti kubwa. Lakini mwenye tatizo la moyo au mapafu, selimundu, au aliyepungukiwa damu sana baada ya malaria, anaweza kuzidiwa. Daktari aliyeandika rufaa ndiye wa kuulizwa: mtoto huyu anaweza kuruka? Je, wingi wa damu upimwe kwanza?

Mjamzito anayemsindikiza mtoto naye aulize. Mashirika mengi ya ndege hudai barua ya daktari mimba inapofikia wiki 28, na hukataa kumbeba anayekaribia kujifungua.

Njiani

Ndege inapoanza kushuka, masikio ya mtoto huuma. Mnyonyeshe wakati huo, kwani kumeza huyafungua. Mkubwa mpe maji anywe kidogo kidogo.

Dawa, barua ya rufaa, kadi ya kliniki na kadi ya bima vikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linalopakiwa. Kwenye basi, beba maji safi na pakiti za ORS, na mnyonyeshe mtoto mara nyingi zaidi, hasa kukiwa na joto.

Umbali usikudanganye

Kosa kubwa ni kusubiri nauli ya Dar huku mtoto anazidiwa. Mtoto mwenye degedege, anayepumua kwa shida, aliyeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu au aliyelegea hana muda wa kusubiri ndege wala basi. Apelekwe kituo cha afya kilicho karibu, atulizwe hali, kisha wahudumu waamue kama ni hospitali ya wilaya, Maweni mjini Kigoma, au Bugando jijini Mwanza.

Dar es Salaam ni mbali. Hatua ya kwanza ya matibabu haipaswi kuwa mbali hivyo.